Walitupa joto, wakasahau pumzi: insulesheni ya bure Leicester, miaka miwili baadaye

Swali hili nimeulizwa kwenye harusi, kwenye hitima na hata kwenye foleni ya bucha: "Dada, ile insulesheni ya bure mliyowekewa, ni nzuri?" Insulesheni ni vile vitu vya kuvalisha kuta na dari ili joto lisitoroke. Jibu la haraka ni ndiyo, nyumba ina joto. Jibu lenyewe ni refu, na kwa kuwa nimechoka kulitoa nikiwa nimeshika mfuko wa nyama mkononi, nimeliandika.

Nyumba yetu ni ya matofali mekundu, imeshikana na za jirani kulia na kushoto, vyumba vitatu vya kulala, imejengwa kama mwaka 1900. Kuta zake ni tofali juu ya tofali, hazina uwazi katikati wa kujazwa kitu. Tunaishi watano: mimi, baba watoto na watoto watatu. Wa mwisho ana miaka saba na ana pumu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao, kwa hivyo nyumba za mji huu nazijua kwa ndani, pamoja na zile ambazo koga imetambaa ukutani hadi ukiwa mlangoni unadhani ni maua ya karatasi.

Kabla ya kazi tulikuwa tunaganda. Baridi ya mwaka 2022 watoto walilala na sweta, soksi na kofia, na redieta ikizimwa tu, nusu saa baadaye chumba kimerudi kama uani. Ndipo rafiki yangu mmoja akaniambia kuhusu mpango wa ECO4, ambao serikali ya Uingereza ilizilazimisha kampuni za gesi na umeme kulipia kazi za kuzuia joto lisitoroke kwenye nyumba za watu wa kipato kidogo. Sisi tuko kwenye Universal Credit, posho ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na nyumba ilikuwa na alama E ya matumizi ya nishati. Tukakubaliwa. Kampuni iliyokuja kufanya kazi siitaji, malalamiko yangu bado hayajafungwa na sitaki mtu aniambie nimeyaharibu kwa mdomo wangu.

Mafundi walikuja Novemba 2023, watatu, siku nne. Kuta zote za nje walizivalisha kwa ndani mabamba ya povu gumu yaliyogandishwa na jipsamu, unene wa kama sentimita 7. Darini wakatandaza sufi ya kioo mpaka kina cha milimita 270, ndicho kipimo cha kawaida hapa. Naiita sufi kwa sababu ukiiona mara ya kwanza utakumbuka mito ya bibi, ile ya kujazwa sufi ya mtini. Tofauti ni kwamba hii ukiiweka shavuni utajuta.

Na kweli nilijuta. Siku ya darini walipitisha marobota kwenye kitundu kilichoko juu ya ngazi, wakiyasukuma na kuyakwaruza. Wao walikuwa na barakoa na ovaroli. Mimi nilikuwa na buibui. Niliwauliza kama nitandike kitu, wakasema haina haja, watasafisha wenyewe. Nikatandika kanga nne juu ya vitanda hata hivyo, maana nilivyolelewa, fundi akisema atasafisha unamshukuru halafu unafunika. Jioni zile kanga zilikuwa zinang'aa kwenye mwanga wa taa kama zimenyunyiziwa poda ya bibi harusi. Nilizikung'uta uani nikajikuna mikono na shingo hadi usiku. Dawa ni maji ya baridi, msisugue, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Mimi nilizifua pamoja na fulana za watoto, basi nyumba nzima tukajikuna kwa awamu.

Hapo ndipo hofu ya kwanza ilipoingia. Mama mmoja tunayesali naye akaniambia, "Shoga, hiyo ni asbesto nyingine, baada ya miaka ishirini mtakohoa damu." Sikulala. Mimi nimesoma Mombasa kwenye shule iliyoezekwa yale mabati ya kijivu ya asbesto, na vipande vilivyoanguka tulivitumia kama chaki kuchora mraba wa kurukia. Kwa hiyo nilikaa nikasoma, na niliyoyakuta yalinituliza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 1988 liliiweka sufi ya kioo kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Mwaka 2001 likaipitia upya na kuitoa, likaiweka kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kuihukumu. Sababu mojawapo ni kwamba nyuzi zake zikiingia kwenye pafu huyeyuka na kutoka, tofauti na za asbesto ambazo hukaa humo maisha. Asbesto iko kundi la 1, na Uingereza iliipiga marufuku yote mwaka 1999. Sufi ya kioo inawasha ngozi, macho na koo, na anayeishika kila siku avae barakoa ya maana. Lakini ikishalala darini, kitundu kikafungwa na hakuna anayeivuruga, si adui yenu mkubwa.

Kitundu kikafungwa, nimesema. Chetu kilikuwa ubao mtupu uliokaa juu ya fremu bila mpira wa kuziba pembeni. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Sasa niwape haki yao. Joto walitupa. Januari 2023 tulichoma gesi yuniti 2,050. Januari 2024, kwa mita ileile, tulichoma 1,390. Nimehesabu kwa yuniti makusudi kwa sababu bei nayo ilishuka kati ya miaka hiyo, na kampuni hizi hupenda kukuonyesha pauni. Ukizima redieta saa nne usiku, asubuhi chumba bado kina uvuguvugu. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye alikuwa akifanya kazi za shule kitandani amejifunika blanketi, akahamia mezani kwa hiari yake. Sebule ilipungua kidogo na kabati letu likakataa kurudi mahali pake, lakini kwa joto lile ningewapa sentimita nyingine tatu.

Mwezi mmoja wa furaha.

Mamangu alikuja kututembelea Desemba ileile ya 2023. Mama amezaliwa na kukulia nyumba ya mawe Mji wa Kale, kuta za matumbawe unene wa mkono mzima, chokaa kila mahali, madirisha marefu yenye luva na vitundu juu ya milango ili upepo upite hata ukifunga. Asubuhi ya tatu alishuka ngazi, akakaa jikoni na kikombe chake cha chai ya rangi, akasema, "Mwanangu, nyumba yako ina joto zuri. Lakini haina pumzi."

Nilicheka. Nikamwambia mama, hii ni Uingereza, upepo tumeulipia usiingie.

Katikati ya Januari nilisogeza kitanda cha mtoto wa mwisho kumtafutia soksi. Pembeni ya dirisha, pale ukuta unapojikunja kuelekea kwenye fremu, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kutoka juu mpaka chini, umenyooka kabisa, kama mtu amelipaka dirisha wanja. Niliugusa kwa kidole nikafikiri ni vumbi. Ukatoka na kunuka kama gunia lililonyeshewa. Nyuma ya kabati la chumba chetu kulikuwa na duara saba, nane, kila moja na kitovu cha kijani. Madirisha yenyewe kila alfajiri yalikuwa yanalia, maji yanateremka mpaka kwenye ubao wa chini, na nilikuwa nayafuta kwa taulo na kulikamua kwenye sinki. Na yule mtoto, ambaye pampu yake ya buluu, ile ya kuvuta pumu ikimshika, alikuwa akiitumia labda mara moja kwa wiki, sasa alikuwa akiiomba kila usiku.

Kwa nini mstari uwe pale tu? Hili nililielewa baadaye, na ni jambo ambalo mtu yeyote anayevalishwa kuta kwa ndani anapaswa kulikagua kabla mafundi hawajaondoka. Mabamba yalifunika uso wa ukuta, lakini ule mkunjo wa kuingilia dirishani waliuacha mtupu, plasta ya zamani juu ya tofali. Kwa hiyo chumba kizima kikapata joto isipokuwa ule ukanda wa upana wa kiganja, uliobaki baridi kama kioo. Mvuke unatafuta pa kutua, na pa kutua palikuwa hapo.

Nikanunua kipima unyevu cha pauni 9, kidogo kama kiberiti kikubwa. Wanasema nyumba ikae kati ya asilimia 40 na 60. Chumba cha watoto saa kumi na moja alfajiri: 78. Nikabadilisha betri nikidhani ni kibovu. 79.

Hapo nikaanza utafiti wa kienyeji. Sisi sote tunayo ile mizani ya kupimia mabegi ya safari, ya kuhakikisha hujapita kilo 23 ukaaibishwa kiwanja cha ndege. Nilitia nguo zilizotoka mashineni kwenye mfuko mkubwa wa mistari, nikauning'iniza: kilo 8.1. Nikazianika kwenye redieta kama kawaida. Kesho yake zimekauka, nikazitia mfuko uleule: kilo 6.2. Karibu kilo mbili zimetoweka, na kilo mbili za maji ni lita mbili. Hazikutoka nje, maana mlango na madirisha yalikuwa yamefungwa. Zilikuwa ndani, tunazivuta. Ongeza watu watano wanaopumua usiku kucha, sufuria la maharagwe la saa mbili, chapati za Ijumaa, gesi ya jiko ambayo nayo ikiungua hutoa mvuke wake, na watoto watatu bafuni.

Nyumba ileile kabla ya Novemba ilikuwa na mvuke uleule. Ila ilikuwa inavuja kila kona, upepo unaingia chini ya milango na kutokea juu, na ule upepo tulioulaani ndio uliokuwa ukibeba maji yetu nje bila kutudai.

Nikaipigia kampuni. Baada ya simu nne wakamtuma kijana mwenye tableti, mpole, viatu visafi. Akatazama mstari wa wanja, akatazama jikoni kwangu, kulikokuwa na sufuria mbili motoni. Akasema, kwa upole uleule, kwamba tatizo ni mtindo wa maisha. Kwamba familia nyingi "za aina yetu" hupika sana na kuanika nguo ndani. Nipunguze.

Nipunguze kupika! Baba watoto alitoka chumbani akaja kusimama karibu yangu, maana ananijua.

Nilichomjibu kilikuwa kifupi, lakini kilichonipitia kichwani ni mtoto Awaab Ishak. Aliyefuatilia habari atakumbuka: miaka miwili, alifariki Desemba 2020 huko Rochdale, na Novemba 2022 mahakama ya uchunguzi wa kifo ikasema kilichomuua ni maradhi ya kifua yaliyotokana na kuishi kwenye koga ya nyumba waliyopanga. Wazazi wake wametoka Sudan. Walilalamika na kulalamika, na wenye nyumba wakadhani chanzo ni mtindo wao wa maisha. Sasa kuna sheria yenye jina lake, na tangu tarehe 27 Oktoba 2025 wenye nyumba za jamii, yaani za kupangisha za halmashauri na mashirika ya makazi, wanawajibika kushughulikia koga ya hatari kwa muda maalumu. Sisi nyumba ni yetu, sheria hiyo haitugusi. Lakini neno "mtindo wa maisha" likitamkwa mbele ya koga, mimi huwa sisikii tena linalofuata.

Aliyenifumbua macho ni mzee wa nyumba ya pili. Ni Mhindi wa Kampala, alifika hapa mwaka 1972 Amin alipowafukuza, na Kiswahili chake ni kile cha dukani, kikavu na kisahihi. Nilimkuta anamwaga majani ya chai uani nikamweleza. Akaniuliza swali moja: "Chimni yako iko wapi?"

Nikamwambia dohani ya moshi iko pale pale, imezibwa miaka, ila kulikuwa na kile kidirisha kidogo cha plastiki chenye matundu chini yake.

"Kulikuwa?"

Nikaingia ndani. Kidirisha hakipo. Chumba cha mbele, ukuta wa chimni, jipsamu laini kabisa kutoka kona hadi kona, imepakwa rangi. Walikifunika. Na juu, chumba cha watoto, hivyohivyo. Mzee aliposikia akatikisa kichwa: "Nyumba hizi zilijengwa ziwe na moto wa makaa kila chumba, mama. Chimni ndiyo pua yake. Umemziba mtu pua, halafu unamwambia apunguze kupika." Basi, mzee yule hunicheka mpaka leo nikipita na sufuria.

Tukapanda darini pamoja na mwanangu mkubwa na tochi. Hapo tukakuta la tatu. Sufi ya kioo ilikuwa imesukumwa mpaka ncha kabisa ambako paa linakutana na ukuta, imebanwa kama mto kwenye foronya. Huko ndiko hewa ya nje huingilia kukausha dari. Na kwa kuwa kile kitundu hakikuwa na mpira, hewa yetu ya joto na mvuke ilikuwa inapanda moja kwa moja, inakutana na paa baridi na kugeuka maji. Misumari inayotokeza kwenye mbao ilikuwa na tone kila mmoja. Sufi chini yake ilikuwa imelowa kwa madoa, na sufi iliyolowa haizuii joto inavyopaswa.

Viwango vinavyoongoza kazi hizi, vinavyoitwa PAS 2035, vinataka hewa ya nyumba ikaguliwe na kupangwa kabla hujaziba kuta. Kwenye karatasi zangu kuna ukurasa wa hewa. Umetiwa alama ya vema. Feni ya bafu iliyoandikwa kwamba inafanya kazi ilikuwa imekufa tangu tuhamie.

Sasa niwaeleze huduma ya pili, hii niliyoilipia mwenyewe Februari 2025, baada ya baridi nyingine nzima ya kufuta madirisha. Huyu ni fundi mmoja anayejitegemea, Mpolandi, kazi yake ni feni na hewa tu. Alikuja na kifaa mfano wa bakuli kubwa la plastiki, akakiweka kwenye feni ya bafu: sifuri. Jikoni hakukuwa na feni kabisa, kulikuwa na kofia ya jiko inayonyonya moshi na kuurudisha humohumo kwa kupitia kichujio. Kumbe kwa miaka sita nilikuwa naupeleka mvuke wa maharagwe matembezi ya mita moja na kuurudisha nyumbani.

Alinifungia feni mbili za aina inayozunguka polepole saa 24, moja bafuni na moja jikoni, zinazotoa hewa nje kupitia ukutani. Kanuni za ujenzi za hapa kwa feni za aina hiyo ni lita 8 kwa sekunde bafuni na lita 13 jikoni. Alizirekebisha, akapima tena kwa lile bakuli, akaandika namba kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Hilo peke yake lilinipendeza kuliko tabasamu zote za wale wa kwanza. Madirisha manne ya vyumbani akayatoboa juu na kutia vile vipenyo vyembamba vya hewa vya kufungua na kufunga. Mwisho akapitisha mkono chini ya mlango wa bafu, akasema uko chini mno, kapeti inaukwaza. Hewa inayotolewa bafuni lazima iwe na pa kuingilia, na inatakiwa nafasi ya milimita 10 chini ya mlango. Huo tu hakuukata, alisema ni kazi ya waliofanya kazi ya kwanza na nisiwasamehe.

Bei pauni 780, ambazo kwetu si mchezo. Feni zinakula umeme kidogo, wati 4 hivi kila moja, yaani kama pauni 9 kwa mwaka kwa feni. Sauti yake ni ya mtu anayepumua usingizini, baada ya wiki hamtaisikia. Vipenyo vya dirishani ndivyo vilivyoleta ugomvi: baba watoto anavifunga, mimi navifungua, na asubuhi hakuna anayekiri.

Wiki ya tatu kipima unyevu kilisoma 58 alfajiri. Nilikipiga picha nikamtumia mama.

Kuna kitu kimoja fundi yule alinionyesha ambacho nimekiweka mwisho kwa sababu kinatuuma sisi wenyewe. Alikuwa na kipimo kingine, cha vumbi laini, lile ambalo halionekani na hufika chini kabisa ya pafu. Kilikuwa mezani kinasoma 9. Ilikuwa Alhamisi jioni, na mimi bila kufikiria nikawasha mkaa, nikatia udi kwenye chetezo, nikaanza kuzunguka vyumbani kama nifanyavyo kila wiki. Nilipopita mezani namba zikaanza kukimbia: 60, 180, 300, ikapita 400. Fundi hakusema kitu. Alisukuma kile kifaa kidogo upande wangu, kwa adabu, kama mtu anayekuonyesha kwamba umedondosha leso. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani kwa siku nzima ni wastani usiozidi 15. Na mwanangu wa pumu alikuwa amekaa ngazini anafurahia harufu.

Nyumba ilipokuwa inavuja, moshi ule ulikuwa unatoka baada ya muda mfupi na sisi tunabaki na harufu kwenye mapazia. Tulipozibwa, ulikuwa unalala nasi. Nimejiuliza mara ngapi nilimpa pampu ya buluu usiku wa kuamkia Ijumaa nikilaumu koga peke yake. Koga ilikuwa na kosa lake, kampuni ina makosa yake, na udi wangu nao upo kwenye orodha. Sasa nguo nafukizia uani, na ndani natia kidogo sana, madirisha wazi, mtoto akiwa kwa mzee jirani anatazama kriketi.

Kuhusu malalamiko: niliyapeleka TrustMark, mpango wa ubora unaotambuliwa na serikali ambao kazi hizi husajiliwa kwao. Muulize fundi wako namba ya usajili wa kazi siku ya kwanza, na karatasi ya dhamana ya kuta, ambayo ni ya miaka 25, uitunze kama hati ya shamba. Januari 2025 serikali ilitangaza kwamba kampuni 39 zimesimamishwa kufunga insulesheni za kuta. Kisha Oktoba 2025 ofisi ya taifa ya ukaguzi, NAO, ikatoa ripoti: kuta zilizovalishwa kwa nje chini ya mipango hii, asilimia 98 zina kasoro kubwa za kurekebishwa. Zilizovalishwa kwa ndani kama zetu, asilimia 29. Niliposoma 98 nilidhani wamekosea kuchapa. Kwa hiyo, dada zangu, aliyewekewa kwa nje na bado hajaona kitu, asikae tu, aombe ukaguzi.

Wale wa kwanza wamerudi mara mbili tangu hapo. Mara ya kwanza walivuta sufi nyuma kwenye ncha za paa na kutia mpira kwenye kitundu, na misumari imekauka. Mara ya pili walitoboa ukuta wa chimni vyumba vyote viwili na kurudisha vidirisha, safari hii vya chuma, vizuri kuliko vya mwanzo. Mikunjo ya madirisha wameifunika kwa bamba jembamba upande wa mbele. Upande wa nyuma wanasema ni mwezi ujao, nao "mwezi ujao" huo sasa una umri wa miezi minne. Mlango wa bafu bado.

Kwa hiyo nyota. Joto: tano kwa tano, bila ubishi. Usafi wa kazi: mbili, na hiyo ya pili ni kwa sababu walinibebea kabati ngazini. Hewa: sifuri walipoondoka, tatu baada ya kurudi. Fundi wa feni: tano, na angeniuzia chai yangu mwenyewe ningenunua. Nikiulizwa kama ningekubali tena ile kazi ya bure, ningekubali, lakini mafundi wasingepandisha bamba la kwanza kabla ya kunionyesha kwa kidole hewa inaingilia wapi na inatokea wapi, chumba kwa chumba, na feni ziwe ukutani zinazunguka. Anayewafungulia mlango aanzie hapo, na akitajiwa mtindo wa maisha atoe mizani ya mabegi.

Mtoto anaendelea vizuri. Daktari wake amempunguzia pampu ya kahawia, ile ya kuzuia pumu, mwezi uliopita, na wanja haujarudi upande wa mbele.

Mamangu anakuja tena Desemba. Jana amepiga simu kuuliza alete nini, na kama nyumba imeanza kupumua. Nimemwambia imeanza, ila inakoroma kidogo bafuni. Akauliza alete udi? Nimemwambia alete, na chetezo kidogo, maana kile kikubwa tumekihamishia uani na kunguru wameshakizoea.